Gauni la Mikanda

Fundi Viti alikuwa na sheria moja iliyomfukuzia wateja kuliko mdomo wake, na mdomo wake peke yake ulikuwa umeshafukuza wengi. Sheria yenyewe ilikuwa hii: mkanda wa gari uliokuwa kifuani kwa mtu siku ya ajali haurudi garini tena. Aulete nani, abembeleze vipi, haufungi.

"Mbona mzima kabisa huu?" mteja angeuliza, akiuvuta mkanda mbele ya pua yake.

"Mzima kwa macho yako. Nyuzi zimeshavutika. Siku ile ulitoa nguvu zake zote, nyingine hauna. Nikikufungia huu nimekufungia utepe wa zawadi."

Wachache walicheka wakanunua mkanda mpya. Wengi walisonya, wakaenda kwa mafundi wasio na sheria. Yeye akabaki na mikanda, kwa sababu kila gari lililogongwa na kuletwa kwake lishonwe viti upya lilimwachia miwili, mitatu, minne. Aliirundika kwenye kona ya karakana, nyuma ya cherehani kubwa, na rundo likapanda mwaka hadi mwaka mpaka likaziba nusu ya dirisha. Fundi wa rangi, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, hakuchoka kumtania.

"Siku ukifa tutakufunga yote hiyo, usije ukatoka."

"Utatangulia wewe, mwenye mapafu ya kijani."

Aliyeiona nguo ndani ya rundo lile alikuwa binti yake. Msichana wa miaka kumi na sita, mwembamba, mwenye tabia ya kuchomeka sindano kwenye ukosi wa nguo yoyote aliyovaa, hata sare ya shule. Walimu walimgombeza wakachoka, mwishowe nao wakamwita Sindano kama watu wote. Alipotoka shule alipitia karakana, akavua viatu, akakaa kwenye cherehani ndogo kumsaidia baba yake kushona mifuko ya nyuma ya viti. Siku moja alikuja na karatasi.

Lilikuwa shindano la vijana. Ubuni vazi kwa vitu vilivyokwisha kutumika vikatupwa, ulivae mwenyewe, upite nalo jukwaani mbele ya watu na majaji. Mshindi angesoma bure miaka miwili katika chuo cha ubunifu wa mavazi, kile chenye geti la bluu na madirisha ya vioo virefu. Fundi Viti alikuwa amewahi kushona viti vya gari la mkuu wa chuo hicho. Alijua kinavyotoza. Alijua pia kwamba angeshona viti mpaka mgongo upinde kama ndoano bila kufika hata nusu ya ada. Kwa hiyo aliposoma neno "bure" alilirudia mara mbili, kidole kikiwa juu yake.

"Utashona nini?" aliuliza.

Sindano alielekeza kidevu kwenye rundo.

Alifanya kazi wiki tisa. Aliifua mikanda mara tatu, akaianika kwenye waya wa uzio, akaipiga pasi. Akaisuka kama mtu asukavyo mkeka, myeusi chini, ya kijivu juu, akapata kifua na mgongo vilivyokaa mwilini bila kifungo hata kimoja. Kwa sketi alichukua eabegi, ile mifuko ya hewa inayofura gari linapogonga. Nailoni yake ni nyeupe, nyepesi, na inashika upepo. Kwenye pindo alining'iniza zile ndimi za chuma za mikanda, zile zinazolia "tak" zikiingia mahali pake, na kila alipopiga hatua gauni liligongana chini kwa chini. Alivunja sindano kumi na moja za cherehani. Baba yake alizihesabu kwa kelele, lakini ndiye aliyekwenda kununua nyingine.

"Pindo hili linacheka," alimwambia jioni moja, akiligeuza gauni ndani nje, kidole kikiwa kwenye mshono ulioachia.

"Huko ni ndani, baba. Hakuna atakayeona."

"Mimi nimeona. Fumua."

Akafumua.

Siku ya mchujo walikusanywa katika darasa kubwa la chuo, vijana arobaini na kitu, wazazi wakiwa wamesimama ukutani. Fundi Viti alikwenda na suruali ya kazi, ila shati alibadilisha. Aliyatazama mavazi ya wengine kwa jicho la fundi, na jicho la fundi halina adabu. Kulikuwa na joho la mifuko myeusi ya taka, lakini mifuko ile ilikuwa bado na mikunjo ya dukani. Kulikuwa na sketi ya vizibo ambavyo havijawahi kukaa juu ya chupa. Na kulikuwa na binti mmoja ndani ya gauni la vijiko vya plastiki, mamia kwa mamia, vyeupe pe, vimepangwa kama magamba ya samaki. Kazi nzuri, hilo hakulipinga. Lakini chini ya meza ya binti huyo kulikuwa na boksi, na ndani ya boksi vijiko vya akiba vilikuwa bado kwenye pakiti zake.

Sindano naye aliliona boksi. "Dada, hivi vijiko vimewahi kuonja chakula kweli?"

"Vitakuja kuonja kwako," Binti Vijiko alijibu bila aibu, mdomo umejaa pini. "Mama kaninunulia boksi sita. Ulitaka nikaokote jalalani niharishe? Andika tu kwamba umeokota. Nani atakuja kukuuliza?"

Maana kulikuwa na kuandika. Kila mshiriki alipewa kadi ya kueleza vitu vyake vilikotoka, na kadi hiyo ingesomwa kwa sauti siku ya fainali, mwenyewe akiwa anapita. Ya Sindano ilisema hivi: "Mikanda hii ishirini na saba imetoka kwenye magari yaliyopata ajali. Kila mmoja ulimshika mtu. Baba yangu hakubali kuirudisha garini, kwa sababu mkanda ukishafanya kazi hiyo hauwezi kuifanya tena. Wapo wanaoirudisha. Ukinunua gari, uliza."

Mwalimu aliyesimamia mchujo alipitisha vidole juu ya msuko. "Safi mno. Ungeacha uchafu kidogo, watu waone kwamba ni taka."

"Uchafu wenyewe ulikuwa damu, mwalimu."

Mwalimu aliondoa mkono. Kisha akaandika alama, na Sindano akapita.

Jumatano Fundi Viti aliitwa ofisini kwa mratibu wa shindano. Wote walimwita Madamu. Alikuwa mama mwenye sauti ya asali na kucha ndefu kiasi kwamba aliishika kalamu kama mtu anayeshika mkia wa panya. Pembeni yake alikaa bwana mmoja wa suti, mdhamini wa shindano, mwenye kampuni ya kuuza magari yaliyotumika. Fundi Viti alilijua jina la kampuni hiyo, na si kwa matangazo tu. Mwezi wa tatu msimamizi wa yadi yao alikuja karakana na gari la mizigo, akataka kununua rundo lote la mikanda, jumla, bila kuchagua. Fundi Viti alimuuliza ya nini. Msimamizi akacheka. Fundi Viti akamwambia maneno ambayo fundi wa rangi aliyasikia kupitia ukuta, na mpaka leo huyarudia akilewa.

"Karibu sana, mzee wangu," alisema Madamu. "Mtoto wenu ana kipaji! Sisi hapa sote tunampenda."

"Asante."

"Sasa kuna hii kadi."

"Imefanya nini?"

"Haijafanya kitu. Ila watu wanakuja kufurahi, unaona? Wanakuja na watoto. Mambo ya ajali, sijui ulimshika mtu, sijui uliza..." Alizungusha kalamu hewani. "Inatia watu hofu."

"Inatakiwa kutia hofu."

Bwana wa suti akakohoa. "Fundi, sisi tunauza magari kwa familia. Jina letu liko juu ya jukwaa kwa herufi kubwa. Halafu chini yake mtoto anasimama anasema ukinunua gari, uliza. Aulizwe nani? Watu watafikiri ni sisi."

"Na si nyinyi?"

Kalamu ya Madamu ikasimama hewani.

"Msimamizi wako alikuja kwangu," Fundi Viti aliendelea. "Na gari la mizigo."

"Yule ana mambo mengi," bwana alisema bila kupepesa. "Mimi sizijui habari hizo. Ninachojua ni kwamba nina magari thelathini yanasubiri kushonwa viti, na mafundi wazuri mjini hawazidi watatu."

Madamu akasukuma kadi tupu juu ya meza, taratibu, kama anayemsogezea mgonjwa dawa. "Tuandike tu mabaki ya kiwandani. Maneno matatu. Mtoto anapanda jukwaani, watu wanapiga makofi, Mungu akijalia anashinda. Orodha ya fainali bado haijachapwa, mzee wangu. Inachapwa Ijumaa."

Alisema "bado haijachapwa" kwa upole uleule aliosemea "karibu sana". Fundi Viti alitamani kupindua meza. Lakini dirishani mwa ofisi ile ulionekana uwanja wa chuo, na wanafunzi wawili walikuwa wakivuka wakibeba sanamu ya kupimia nguo, mmoja miguuni, mwingine kichwani, wanacheka. Aliwatazama mpaka wakapotea mlangoni. Akaichukua kadi, akaitia mfukoni.

"Nitaongea naye," alisema.

Nyumbani aliongea naye, na hayakwenda mbali.

"Hapana," alisema Sindano.

"Sijamaliza."

"Umemaliza, baba. Wanataka niseme uongo ili wao waendelee na uongo wao."

"Ni kadi tu! Gauni ni lilelile, mishono ni ileile. Utasoma miaka miwili, ukitoka huko utaandika kadi yoyote unayotaka, hata ukutani."

Mama Sindano alikuwa anakunja nguo zilizokauka. Hakuinua kichwa. "Mtu wa yadi ulimfukuza kwa matusi mtaa mzima ukasikia," alisema. "Leo bosi wake amekusogezea kiti, unataka kumwandikia barua ya mapenzi?"

"Wewe unadhani nafanya kwa ajili yangu?"

"Magari thelathini ni ya nani, ya mtoto?"

Hapo alishikwa. Magari thelathini alikuwa ameyataja kwa haraka haraka katikati ya maneno, akitumaini hayatasikika. Sindano alimtazama baba yake kama anavyotazama mshono uliokwenda kombo, bila hasira, akitafuta ulipoanzia.

"Nimeacha," alisema Fundi Viti. "Basi. Yameisha."

Hayakuwa yameisha. Alhamisi mchana, Sindano akiwa shule, alinawa mikono kwa sabuni ya unga mpaka kwenye viwiko, akafuta meza ya kukatia, akakaa na ile kadi tupu. Shule aliiacha darasa la tano, na tangu hapo kalamu aliishika kwa kuandika vipimo na namba za simu tu. Ilimchukua karibu saa nzima. Aliandika "Mabaki ya kiwandani" akayatazama. Yalikuwa uchi. Fundi hamkabidhi mtu kazi kwa maneno matatu kama mwizi anayeuza redio. Miaka ishirini na sita alikuwa akisimama mbele ya wateja, mkono juu ya ngozi au sponji, akiwaapia maneno yaleyale, na maneno hayo ndiyo yaliyomlisha. Akayaongeza hapo chini kwa herufi zake nene, ili mali ya mwanawe isionekane hafifu: "Mali mpya. Haijatumika na mtu yeyote."

Akajisikia nafuu. Akaipeleka mwenyewe kwa Madamu. Madamu alitupa jicho kwenye mstari wa kwanza, akatabasamu, akaichomeka katikati ya nyingine.

Fainali ilikuwa Jumamosi alasiri, ukumbi umejaa hadi ngazini. Juu ya jukwaa jina la kampuni ya magari lilikuwa limeandikwa kwa herufi ndefu kuliko watoto waliopita chini yake. Majaji walikuwa watatu, wageni, hawakuwapo siku ya mchujo. Mkuu wao alikuwa mwanamume wa makamo mwenye miwani aliyeisukuma juu kila alipotaka kusema jambo. Bwana wa suti alikaa kiti cha mbele kabisa, Madamu nyuma yake na rundo la karatasi mapajani. Fundi Viti na mkewe walipata nafasi mstari wa saba.

Binti Vijiko alipita mapema. Mshereheshaji akasoma: "Vijiko elfu moja na mia nne, vilivyookotwa baada ya sherehe mbalimbali na kusafishwa kwa uangalifu!" Ukumbi ukalipuka. Mama yake binti, mstari wa tatu, alipiga makofi kwa mikono juu kana kwamba ndiye aliyeinama akaviokota.

"Boksi sita," alinong'ona Fundi Viti.

"Nyamaza," mkewe akamwambia.

Kisha akatoka Sindano.

Hakuwa na urefu wa wengine, wala hakujua kutupa mabega. Alitembea kama anavyotembea kuja karakana, kama mtu mwenye kazi ya kufanya. Lakini gauni lilijua. Msuko mweusi na kijivu ulishika mwanga wa taa ukauachia, sketi nyeupe ikajaa hewa nyuma yake, na zile ndimi za chuma zikapiga tak, tak, tak, mpaka watu wa nyuma wakasimama waone sauti inatoka wapi. Mpiga muziki mwenyewe alipunguza sauti ili isikike. Fundi Viti alisahau kila kitu. Alisahau hata kadi.

"Na mbunifu wetu huyu," mshereheshaji akasoma, "ametumia mabaki ya kiwandani! Mali mpya. Haijatumika na... na mtu yeyote."

Alisita mwishoni, naye alisikia alichosoma. Mtu fulani nyuma akacheka. "Sasa hiyo si taka, hilo ni duka!" Kicheko kikatambaa safu kwa safu. Jaji wa miwani akainua mkono, muziki ukakatwa.

"Binti, simama hapo. Shindano hili ni la vitu vilivyokwisha kutumika. Kanuni namba nne. Kadi yako inasema vyako ni vipya. Ni kadi yako hii?"

Sindano alikuwa ameyatambua yale maneno. Alikuwa ameyasikia tangu akiwa mgongoni kwa mama yake, kila siku, kwa kila mteja. Macho yake yalitembea kwenye viti, taratibu, mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, mpaka yakamkuta baba yake mstari wa saba. Hapo yakakaa.

Madamu alijua. Bwana wa suti alijua. Neno moja tu kutoka kwa mmoja wao lingetosha: mikanda ni mikuukuu, tumeiona, mchujo uliipitisha. Madamu aliinamia karatasi zake akatafuta kitu ambacho hakikuwepo. Bwana wa suti alitazama saa.

"Nakuuliza tena. Ni kadi yako?"

"Jina ni langu," alisema Sindano.

Hakuongeza kitu. Na Fundi Viti akaelewa kwamba hataongeza. Mtoto alikuwa amesimama juu pale, mbele ya ukumbi mzima unaomcheka, anameza wiki tisa na miaka miwili ya chuo, kwa sababu asingeweza kunyoosha kidole mbele ya watu akasema ni baba yangu.

Fundi Viti akasimama.

"Kadi hiyo nimeandika mimi!"

Sauti yake ilizoea kushindana na injini. Haikuhitaji kipaza sauti.

"Mzee, tafadhali," alisema mshereheshaji, "tuna ratiba..."

"Ratiba ikae! Nimesema kadi nimeandika mimi. Mtoto hajaiona. Mwandiko mbaya ni wangu na uongo ni wangu. Mikanda hiyo imetumika. Imetumika kuliko kitu chochote mlichokipigia makofi leo! Imetumika mara moja, wakati wa kufumba na kufumbua, na wapo watu wanatembea mjini humu kwa sababu yake. Na wapo ambao haikuwafaa, na viti vyao nimevisafisha kwa mikono hii."

Vijana wawili wa ulinzi walikuwa wameshaanza kupenya kati ya viti.

"Kaa chini, baba nanihii," mkewe alinong'ona, kisha mwenyewe akabadili mawazo. "Hapana. Malizia."

"Kadi ya mtoto ilisema kweli, nikaambiwa niifiche. Kaniambia huyo mama mwenye karatasi. Kaniambia huyo bwana hapo mbele, anayetazama saa. Nikakubali, kwa sababu nilitaka mwanangu asome. Nikakubali! Mnajua kwa nini inafichwa? Mwezi wa tatu msimamizi wa yadi yake alikuja kwangu na gari la mizigo kununua mikanda hiyohiyo ya ajali. Jumla! Jiulizeni alitaka kuipeleka wapi. Kushona magauni?"

Watu walicheka. Halafu kicheko kikakatika ghafla, kwa sababu nusu ya ukumbi walikuwa wamekuja kwa magari, na kila mmoja alikuwa ameanza kukumbuka alilinunua wapi.

Bwana wa suti alisimama, akafunga kifungo cha koti. "Huo ni uzushi. Mtu huyu alinyimwa kazi kwetu, ana kinyongo."

"Kazi? Umenipa magari thelathini Jumatano!"

Jaji akasukuma miwani juu. Hakuwa mtu mbaya, labda. Alikuwa mtu wa kanuni, na alizishika kanuni zake kama mtu anayeshika mwavuli nyumba ikiungua. "Mabishano ya magari hayatuhusu," alisema. "Kama kadi ni ya kweli, vitu ni vipya, na mshiriki anatoka kwa kanuni namba nne. Kama ni ya uongo, taarifa ni za uongo, na mshiriki anatoka kwa kanuni namba saba. Vyovyote vile anatoka."

"Na ya vijiko ni kanuni namba ngapi?" Mama Sindano alipaza sauti. "Boksi sita, bado ziko kwenye pakiti! Mbona huulizi?"

Mama yake Binti Vijiko, pale mstari wa tatu, akainamisha kichwa. Ukumbi ukawa soko. Wengine walimzomea Fundi Viti, wengine walimzomea jaji, na walio wengi walizomea tu. Walinzi walimfikia wakamshika viwiko, mmoja huku, mmoja huku, akatolewa akiwa anatembea kwa miguu yake mwenyewe, akiwaambia wasimkunje shati.

Sindano alibaki jukwaani kitambo kidogo. Mtu mmoja alimpungia kutoka nyuma ya pazia, apitie huko, avue, aondoke kimya. Hakupitia huko. Alishuka kwa ngazi za mbele, akapita mbele ya kiti cha bwana wa suti, akakata ukumbi katikati, na watu wakanyamaza safu kwa safu alipokuwa anawapita, wakisikiliza tak, tak, tak mpaka mlangoni.

Nje, kwenye maegesho, jua lilikuwa bado kali. Fundi Viti alikuwa amekaa kwenye ukingo wa barabara. Mkewe alikuwa amesimama, mikono kiunoni, hasira bado haijapata pa kwenda. Kutoka ndani, spika zilimtangaza mshindi. Vijiko. Makofi yalikuwa machache, lakini yalikuwepo.

Sindano alisimama mbele ya baba yake.

"Ningekataliwa Ijumaa," alisema. "Ningekataliwa na kadi yangu mwenyewe. Ningelia, ningemaliza. Wewe umenifanya nikataliwe na ya kwako."

Fundi Viti aliinua uso kumtazama.

"Nilikutakia chuo," alisema.

"Najua."

"Kile chuo, mwanangu, mimi siwezi..."

"Najua, baba. Ndiyo maana inauma."

Alitaka kumshika mkono, akaona heri asimshike.

Watu walikuwa wameanza kutoka. Wa kwanza kuwafikia alikuwa dereva wa teksi, mtu mnene, jasho usoni, funguo mkononi. "Fundi," alisema, "samahani. Mimi gari langu nimelichukua kwa hao jamaa mwaka jana. Waliniambia kila kitu kimefungwa upya. Nina watoto watatu wanapanda humo."

Fundi Viti alijiinua, magoti yakilia, lakini Sindano alikuwa ameshageuka.

"Liko wapi?"

Dereva akamtazama fundi, akamtazama msichana wa gauni, akaonyesha kwa funguo. Sindano alikusanya sketi yake nyeupe mikononi, akajiingiza kwenye kiti cha dereva, akauvuta mkanda mpaka mwisho wake. Akaupitisha kati ya vidole polepole, kama alivyoipitisha ile ishirini na saba. Karibu na bega vidole vilisimama. Hapo mkanda ulikuwa unang'aa na mgumu, kama kitambaa kilichosahauliwa chini ya pasi.

"Hapa uliungua," alisema. "Ulivutwa kwa uzito mkubwa, ukachomwa na pete ya chuma unayopitia hapa begani. Huu umeshamshika mtu. Si wewe."

Dereva akamgeukia Fundi Viti. "Fundi, ni kweli?"

Fundi Viti hakuinama kuangalia. "Umemsikia," alisema.

"Sasa nitarudije nyumbani?"

"Polepole," alisema Sindano. "Peke yako. Na Jumatatu uje."

Nyuma ya dereva walikuwa wameshasimama wengine wanne, kila mmoja na funguo zake, na mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni. Sindano alitoka garini, akajipangusa vumbi magotini, akauliza la nani linafuata.